Mahali pa Kipimo

Watu wengi hudhani kuwa kazi ya kupima hali ya hewa huanza siku mtu anaponunua chombo. Mimi pia nilidhani hivyo, na dhana hiyo ilimgharimu mama yangu debe zima la mbegu za maharagwe. Naeleza habari hii si kwa kuwa napenda kutangaza makosa yangu, bali kwa kuwa kosa likielezwa vema huweza kumwokoa mtu wa pili asilirudie.

Kwetu ni katika vilima vya Machakos. Shamba letu ni dogo, nalo limekatwa matuta ya fanya juu, yaani mtaro huchimbwa na udongo wake hutupwa upande wa juu ili uzuie maji yasikimbie. Mvua hutujia mara mbili kwa mwaka: masika, tangu Machi mpaka Mei, na vuli, tangu Oktoba mpaka Desemba. Mgeni husikia sifa za masika akadhani kuwa ndiyo tegemeo letu, lakini katika sehemu nyingi za Ukambani vuli ndiyo ijazayo ghala. Vuli ikishindwa, mwaka umeshindwa. Kwa hiyo mtu akiuliza kwetu mvua imenyesha kiasi gani, hatafuti maongezi. Auliza habari ya chakula.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia. Katika chuo cha ualimu nilikosomea palikuwa na uwanja mdogo wa vipimo, uliozungushiwa waya, na ndani yake kipimamvua cha shaba na kisanduku cheupe cha vipimajoto. Mkufunzi wetu alitufundisha kanuni za kuchagua mahali pa vyombo hivyo, tukaziandika katika madaftari, na katika mtihani nilizieleza zote nikapata alama nzuri. Jambo moja sikumwambia. Mwisho wa juma moja zamu ya kusoma kipimamvua ilikuwa yangu, nami nikaenda mjini. Niliporudi nilijaza tarakimu za siku tatu kwa kukisia. Hakuna aliyegundua. Siku ile nilijifunza kuwa karatasi haikatai kitu, na hilo ni somo baya kwa mtu anayetaka kuwa mwalimu.

Mwaka 2021, mwezi wa Septemba, nilinunua kwa mshahara wangu kipimamvua cha plastiki na kipimajoto. Nia yangu ilikuwa njema. Utabiri tuusomao katika simu husema juu ya eneo pana, na katika nchi ya vilima kama yetu mvua huweza kunyesha katika bonde moja ikaliruka la pili. Tangu zamani Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, yenye makao makuu Dagoretti Corner, Nairobi, imesaidiwa na watu wa kujitolea, shule na misheni, waliosoma vipimamvua na kupeleka hesabu zao. Nilitamani nasi tuwe na hesabu ya mvua yetu.

Kipimamvua nilikifunga katika nguzo ya baraza, upande wa nje, hatua chache kutoka mlangoni. Kipimajoto nilikipigilia ukutani, chini ya ukingo wa mabati. Nilikuwa na sababu tatu. Kwanza, palikuwa karibu, nami ningeweza kusoma bila kulowa. Pili, mbuzi na watoto wasingelivifikia vyombo kwa urahisi. Tatu, kila mgeni aliyekuja angeviona na kuuliza ni vitu gani, nami ningelimweleza. Sababu mbili za kwanza nilizisema kwa sauti. Ya tatu niliificha hata nafsini mwangu, lakini ndiyo iliyoamua.

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha usiku mmoja wa Novemba. Mahindi na mbaazi mama alikuwa amekwisha kuvipanda katika vumbi kabla ya mvua, kama ilivyo desturi ya wengi kwetu. Maharagwe alikuwa bado ameyaweka. Aliniambia mara nyingi kuwa mbegu ya maharagwe haina subira: ikionja unyevu kidogo huota, na jua likirudi hufa. Asubuhi nilikwenda nguzoni nikasoma milimita 46. Nilimweleza mama kwa fahari kuwa milimita 1 ya mvua ni sawa na lita 1 ya maji juu ya kila mita mraba, na kwa hesabu hiyo kila ekari ilikuwa imepokea zaidi ya lita 186,000 katika usiku mmoja.

Mama hakujibu upesi. Alichukua panga, akaenda shambani, akachimba, akatia kidole. Aliporudi alinionyesha: matope yalifika kifundo cha pili tu.

"Mwalimu," akasema, maana huniita mwalimu anapokuwa na shaka nami, "udongo haujashiba. Mimi hungoja unyevu ufike kina cha mkono, toka ncha ya kidole mpaka kiwiko."

"Mama, kidole hakina tarakimu," nikamjibu. "Chombo hakiwezi kusema uongo."

Alinitazama kwa muda. Mama yangu alisoma mpaka darasa la tatu, na karo yangu yote aliilipa kwa kuuza maharagwe kama yale yaliyokuwa katika debe. Nadhani aliona kuwa kuikataa hesabu yangu ni kuikataa kazi ya mikono yake mwenyewe. Alifungua debe akapanda.

Maharagwe yaliota upesi, yakatoa majani mawili mawili, yakapendeza. Kisha jua likatoka kwa siku 19 mfululizo. Siku ya kumi majani yalianza kujikunja, na baada ya hapo sikupenda tena kupita njia ya shambani. Vuli ile ilikuwa mbaya katika sehemu nyingi za mashariki ya Kenya, nayo ilikuwa mmojawapo wa misimu mitano mfululizo ya mvua haba, tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2022. Kwa hiyo siwezi kusema kuwa mbegu zile zingelizaa lau zingelingoja. Lakini zingelibaki katika debe, nasi tungelizila. Krismasi ile tulinunua maharagwe sokoni kwa vibaba, sisi ambao watu walizoea kuja kununua kwetu.

Mwezi wa Desemba ilinyesha mvua ndogo ya usiku. Mama alikuwa amesahau sufuria katikati ya ua, mbali na nyumba. Asubuhi niliiona ina maji, nami nikakumbuka jambo la chuoni: chombo chochote chenye pande zilizosimama wima huweza kupima mvua, kwa sababu kina cha maji yaliyomo ndicho kina cha mvua iliyonyesha, mdomo ukiwa mpana au mwembamba. Nilitia rula katika sufuria. Milimita 6. Nikaenda nguzoni. Milimita 15.

Nilirudia kusoma vyote viwili, nikitumaini kuwa macho yangu yamekosea. Kisha niliinua uso nikatazama ukingo wa mabati. Upande ule wa nyumba haukuwa na mlizamu, na kila upepo ulipovuma ulisukuma matone ya paa yakaingia katika kipimamvua changu. Mama alikuja akasimama nyuma yangu, akatazama rula, akatazama paa.

"Kumbe kitu chako kilikuwa kinapima mabati," akasema.

Hakucheka wala hakunilaumu. Ningelipendelea anilaumu.

Tangu siku ile nimelifikiri sana neno langu, kuwa chombo hakiwezi kusema uongo. Neno lenyewe lilikuwa la kweli. Kipimamvua kilihesabu kwa uaminifu kila tone lililoingia mdomoni mwake. Lakini chombo hujibu swali la mahali kiliposimama, na mimi nilikisimamisha mahali pa swali jingine. Niliuliza juu ya shamba nikajibiwa juu ya paa. Kipimajoto nacho kilikuwa katika hali ile ile. Kilionyesha digrii 36 alasiri ambayo wazee walikaa chini ya mwembe bila kulalamika, maana kilikuwa kikipima ukuta uliopigwa na jua na mabati yaliyokuwa juu yake. Hewa yenyewe hakikuipata.

Nilifungua sanduku la vitabu nikatoa daftari la chuo. Kanuni zote zilikuwamo, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Kipimamvua kikae mbali na kila kitu kirefu, umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu hicho, na mara nne ni bora zaidi. Kikae juu ya ardhi tambarare yenye majani mafupi, si juu ya saruji ambayo matone huigonga yakaruka. Mdomo wake ulale sawa kama maji yaliyotulia, nao uwe sentimita 30 juu ya ardhi, kwa mujibu wa desturi tuliyoirithi kwa Waingereza. Niliyajua haya yote. Maarifa yaliyokaa sandukuni hayakuwa na nguvu ya kuuvuka mlango wa nyumba yetu.

Ndugu yangu mdogo, aliyesikia kuwa kipimamvua chataka mahali pa wazi, alinishauri nikipandishe juu kabisa ya paa, ambako hakuna tone la pembeni liwezalo kukifikia. Shauri lake lilikuwa na akili, nalo lilikwisha kujaribiwa zamani. Mwaka 1766 mganga mmoja wa London, William Heberden, aliweka kipimamvua kimoja bustanini, cha pili juu ya paa la nyumba, na cha tatu juu ya kanisa kubwa la Westminster Abbey. Baada ya mwaka mmoja, kile cha juu ya kanisa kilikuwa kimepata kama nusu tu ya mvua ya kile cha bustanini. Sababu kubwa ni upepo. Huko juu upepo huenda kwa kasi, nao ukigonga chombo hupanda juu ya mdomo wake na kuyapeperusha matone kabla hayajaingia. Kwa sababu hiyo hiyo niliiacha ncha ya kilima chetu, ijapokuwa hakuna mahali palipo wazi kuliko pale. Kipimamvua chachukia kufichwa, tena chachukia kupigwa na upepo.

Basi nilianza kupima ua na shamba kwa kamba. Kitu kirefu kuliko vyote ni mwembe alioupanda baba. Kuujua urefu wake hakukuhitaji kupanda. Nilisimamisha fimbo ya mita 1. Kivuli chake kilikuwa sentimita 80. Wakati ule ule kivuli cha mwembe kilikuwa mita 7 na sentimita 20. Msomaji anaweza kufanya hesabu mwenyewe akaona kuwa mwembe ni mita 9, kwa hiyo kipimamvua hakina ruhusa ya kuukaribia chini ya mita 18. Nyumba ilitaka mita 8, na banda la ng'ombe mita 6. Nilichora ua wetu katika karatasi nikazungusha duara kuzunguka kila kizuizi. Maduara yalipokwisha, uani hapakubaki nafasi. Mahali palipofaa palikuwa pamoja tu: katikati ya tuta la kwanza, lenye udongo mzuri kuliko yote, ambamo maharagwe ya mama yalikufa.

Nilikaa siku mbili bila kusema. Kisha nikamwendea jioni, alipokuwa akipukuchua mahindi machache yaliyosalimika, nikamwomba kipande cha ardhi, mita 3 kwa mita 3. Nilimweleza kuwa kazi hii si ya kizungu wala si ya jana. Mwaka 1441, katika enzi ya mfalme Sejong wa Korea, palitengenezwa chombo maalumu cha kupimia mvua, na mwaka uliofuata vyombo kama hicho vikapelekwa wilayani, ili serikali ijue mvua waliyopata wakulima.

Mama aliendelea kupukuchua. "Mfalme yule," akauliza, "alikuwa na mbuzi?"

Nilisema sijui. Akasema nijenge ua imara, akanipa ardhi.

Kazi ilituchukua majuma mawili. Nguzo ya kipimamvua niliipaka oili chafu ili mchwa wasiile, nikaukagua mdomo wa chombo kwa chupa iliyojaa maji nusu, iliyolazwa juu ya ubao, mpaka ukalala sawa. Ua tuliujenga kwa waya wenye matundu, maana ukuta wa mabati au wa miti iliyosongamana ungekuwa kizuizi kipya. Kwa kipimajoto nilitengeneza kisanduku cha mbao za mlango wa zamani. Kisanduku cha namna hii kilibuniwa katika miaka ya 1860 na Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Uskoti. Pande zake ni mbao nyembamba zilizoinamishwa kama za dirisha, ili hewa ipite na jua lisipite. Rangi yake ni nyeupe ili iufukuze mwanga. Na miguu yake hukiinua kipimajoto kiasi cha mita 1 na nusu kutoka ardhini.

Mlango wa kisanduku ulinifikirisha. Katika nchi zilizo mbali kaskazini ya Ikweta mlango hutazama kaskazini, na katika zile za mbali kusini hutazama kusini, ili jua lisichungulie ndani mtu anaposoma. Lakini Machakos haifiki hata digrii 2 kusini ya Ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri hupita kaskazini yetu, na mwezi wa Desemba hupita kusini. Nilitia milango miwili, mmoja kila upande, nasi hufungua ule ulioupa jua kisogo. Kipimaupepo sikukiweka. Kanuni yataka kiwe juu ya mlingoti wa mita 10 mahali peupe, nami sikuwa na mlingoti wala fedha zake. Zamani ningelikifunga popote nikakiita kipimaupepo. Safari hii niliona ni heri kutojua kuliko kujua vibaya.

Sasa ilibaki taabu ya mwisho. Mvua katika nchi yetu husomwa kila siku saa tatu asubuhi, na saa hiyo mimi niko darasani. Kusoma saa kumi na mbili leo na saa nane kesho ni kuzichanganya siku. Mama alisikia nikilalamika.

"Saa tatu mimi niko wapi?" akauliza.

"Uko shambani, Mama."

"Na kipimo chako kiko wapi?"

Ndivyo mama yangu alivyokuwa msomaji wa kituo chetu. Nilimwonyesha namna ya kuinama mpaka jicho lilingane na uso wa maji, na kusoma sehemu ya chini ya mpindo wa maji, si kingo zake. Nilimpigia mistari katika daftari: tarehe, mvua, joto. Baada ya juma moja nikaona ameongeza safu ya nne kwa mkono wake, na ndani yake maneno mafupi: kifundo cha kwanza, kifundo cha pili, kiganja. Panga na kidole havikustaafu. Mwanzoni niliona safu ile kama mzaha, lakini baadaye nikaelewa kuwa kipimamvua hueleza maji yaliyofika, na kidole hueleza maji yaliyokaa, wala mbegu haioti kwa maji yaliyopita.

Vuli ya mwaka 2023 ilikuja kwa nguvu, hata sehemu nyingine za nchi zikapata mafuriko. Asubuhi moja ya Novemba daftari lilisema milimita 38, na safu ya nne ikasema kiwiko. Siku ile mama hakuniuliza neno, nami sikumwambia neno. Alifungua debe. Maharagwe tuliyovuna yalirudisha debe lililopotea na kuzidi.

Msomaji kijana, huenda nawe siku moja ukaweka kipimo nyumbani kwako au shuleni kwako. Usiulize kwanza mahali pa karibu ni wapi, wala mahali pa kuonekana ni wapi. Uliza unataka kujua nini, kisha ukipeleke chombo kwenye jambo hilo, hata kama mahali penyewe pana gharama, tope na umbali. Na akitokea mtu asiye na tarakimu lakini mwenye miaka mingi juu ya udongo ule, msikilize kabla hujafungua debe lake.

Ninapofundisha somo hili darasani, ukurasa wa kwanza ninaowaonyesha wanafunzi si ule wa milimita 38. Ni ukurasa wa Aprili 2022. Siku hiyo mbuzi alipenya langoni akaangusha kipimamvua, na niliporudi jioni nilikuta chini ya mvua hakuna tarakimu, ila neno moja kwa mwandiko mkubwa wa mama: "Mbuzi."

Nilimwambia kuwa usiku ilinyesha rasharasha tu, na kuwa angeweza kukisia milimita 2 au 3, hesabu isiwe na pengo.

"Sikuyaona maji," akasema. "Nisichokiona nitakiandikaje?"

Nikazikumbuka siku zangu tatu za chuoni, nikafunga daftari, nikaenda kutengeneza lango.